Jengo Jipya Limekabidhiwa, Sasa Nini? Mwongozo Kamili wa Kuanzisha Huduma Mpya Katika Hospitali ya Wilaya

Mkandarasi amekabidhi funguo. Wodi ya wazazi bado inanukia rangi, chumba cha upasuaji kina taa mpya, mtambo wa oksijeni umefungwa nyuma ya jengo la utawala, na mashine ya eksirei ingali ndani ya kasha lake. Wananchi wanaliona jengo kutoka barabarani na tayari wanaamini huduma ipo. Mwongozo huu ni wa wale waliobaki na funguo mkononi: mganga mfawidhi, muuguzi mkuu, katibu wa hospitali, fundi wa vifaa tiba na wajumbe wa bodi. Msimamo wangu ni mmoja na utauona katika kila hatua: huduma imeanza pale mgonjwa anapoweza kuipata saa nane usiku wa siku ya mapumziko, hata kama umeme umekatika. Kabla ya hapo mnalo jengo tu.

Hatua ya 1: Andikeni huduma kwanza, vyumba baadaye

Kikao cha kwanza kikianza na swali la nani atapewa ofisi ipi, mmeshapotea njia. Anzeni kwa kuandika huduma zitakazotolewa, moja moja, kwa jina lake kamili. "Upasuaji" peke yake halitoshi. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani, iliyotoa ripoti yake mwaka 2015, ilichagua aina tatu za upasuaji ambazo hospitali ya ngazi ya kwanza inapaswa kuziweza: upasuaji wa kumtoa mtoto, kufungua tumbo kwa dharura, na kutibu mvunjiko wa mfupa uliotoboa ngozi. Hospitali inayoweza hizo tatu kwa kawaida huwa na watu, dawa ya usingizi, damu na vifaa vya kuwezesha upasuaji mwingine mwingi. Kwa upande wa uzazi kuna orodha ya huduma tisa za dharura. Saba ni za msingi: sindano za kuua vijidudu, dawa za kubana mji wa mimba, dawa za kuzuia degedege la kifafa cha mimba, kutoa kondo la nyuma kwa mkono, kusafisha mabaki ya mimba, kumsaidia mama kujifungua kwa kifaa cha kumvuta mtoto, na kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Mbili zinazoongezeka hospitalini ni upasuaji wa kujifungua na kuongeza damu.

Mbele ya kila huduma jazeni mambo matatu: nani anaitoa, ni saa zipi, na kitu gani kikikosekana inasimama. Safu hiyo ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mkiandika kwa uaminifu mtagundua kwamba upasuaji wa kujifungua hausimamishwi na kukosekana kwa meza ya upasuaji. Unasimamishwa na mtu mmoja wa dawa ya usingizi aliye likizo, au mashine ya kutakasa vifaa iliyoharibika mpira wa mlango.

Hatua ya 2: Tembeeni njia ya mgonjwa mkiwa na machela

Chukueni machela halisi, mlazeni mtumishi mmoja juu yake, mning'inizieni chupa ya dripu, kisha msukumeni kutoka getini hadi mapokezi ya dharura, kutoka hapo hadi wodi ya wazazi, na kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji. Mchoro wa jengo hauonyeshi yale yatakayoonekana ndani ya dakika kumi hizo. Kuna kona ambayo machela haipindi bila kurudishwa nyuma. Kuna mlango unaofunguka kuelekea upande wa anayesukuma. Kuna kizingiti cha sentimita mbili kinachomrusha mgonjwa mwenye mguu uliovunjika. Njia ya mteremko iwe laini: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, urefu usipungue sentimita 12. Rudieni zoezi hilo usiku, maana kipande cha njia kisicho na taa hakijitangazi mchana.

Sehemu zinazosahaulika zaidi ni zile za ndugu. Mgonjwa wa hospitali ya wilaya haji peke yake, na ndugu wasipopangiwa mahali pa kukaa watasimama korido nzima. Choo cha mama aliyetoka kujifungua kiwe ndani ya wodi, kiwe na kishikio ukutani na mlango ambao mtu wa nje anaweza kuufungua akianguka.

Hapa niseme neno kuhusu wodi ya watoto wachanga, kwa sababu ndiyo inayojengwa kwa shauku kubwa na kupangwa vibaya. Watu hununua mashine za joto, wakazipanga ukuta mzima, na mama akaachwa benchi la nje. Malezi ya kangaruu, mtoto akiwekwa kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, yalianza Bogotá mwaka 1978 kwa sababu mashine zilikuwa chache na watoto walikuwa wengi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza yaanze mara tu baada ya kuzaliwa kwa watoto njiti na wenye uzito mdogo, hata kabla hali ya mtoto haijatulia, isipokuwa walio katika hali mbaya kabisa. Kwa hiyo kabla hamjaagiza mashine nyingine ya joto, hakikisheni kila kitanda cha mtoto kina kitanda au kiti cha kulalia cha mama pembeni yake. Pasipo hivyo, mama atamkumbatia mtoto kwa nusu saa akiwa amesimama, kisha atachoka.

Hatua ya 3: Maji, umeme na oksijeni

Hii ndiyo hatua ndefu, na hamtakiwi kuiharakisha. Mambo haya matatu yakiyumba, kila kitu kingine kinayumba.

Anzeni na maji kwa hesabu. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2008 vinataja lita 5 kwa kila mgonjwa wa nje anayeonwa, lita 40 hadi 60 kwa mgonjwa aliyelazwa kwa siku, na lita 100 kwa kila upasuaji au uzazi. Wodi ya vitanda 40 iliyojaa inahitaji lita 1,600 hadi 2,400 kwa siku. Wakizaa kina mama wanane, ongezeni lita 800. Sasa nendeni mkasome ujazo wa tangi lililofungwa, mgawanye kwa mahitaji ya siku, mjue mna siku ngapi bomba likikauka. Pungufu ya siku mbili kwangu ni hatari. Jaribuni pia shinikizo la maji kwenye bomba la mbali kuliko yote, mabomba mengine yote yakiwa wazi.

Umeme unapimwa kwa kuuzima. Washeni vifaa vyote vitakavyotumika kwa wakati mmoja: taa za upasuaji, mashine ya kutakasa, mashine za joto, majokofu. Kisha zimeni swichi kuu na mshike saa. Jenereta inayojiwasha yenyewe bado huchukua sekunde kadhaa kushika mzigo, na ile ya kuwashwa kwa mkono inachukua muda wa kumtafuta mwenye ufunguo. Katika pengo hilo, mashine ya usingizi, vifaa vya kufuatilia mgonjwa na taa ya juu ya meza lazima vibebwe na betri za akiba. Wekeni alama ya rangi moja kwenye soketi zote zenye umeme wa akiba ili muuguzi wa zamu asikisie gizani. Na mwekeni mtu mmoja wa kuangalia mafuta ya jenereta kila zamu na kusaini.

Oksijeni nayo ina hesabu yake. Mgonjwa mmoja anayevuta lita 5 kwa dakika anatumia lita 7,200 kwa saa 24. Mtungi mkubwa unaotumika hospitali nyingi hubeba takriban lita 6,800, yaani haumfikishi kesho saa kama hii. Wagonjwa wanne wa namna hiyo wanamaliza mitungi zaidi ya minne kwa siku, ndiyo maana mtambo wa kuzalisha oksijeni unaweza kuikomboa wilaya. Lakini mtambo unategemea umeme, hivyo mitungi iliyojaa ibaki kama akiba, ikiwa imefungwa mnyororo ukutani isianguke. Mtoto mchanga hutumia nusu lita hadi lita 1 kwa dakika, kwa hiyo mashine moja ya kuchuja oksijeni kutoka hewani inaweza kuhudumia watoto kadhaa ikiwekewa kigawio chenye kipimo cha kila mtoto.

Mambo mawili madogo huua huduma hii kimyakimya. La kwanza ni kichujio cha vumbi cha mashine, sponji ndogo nyuma yake, ambayo inatakiwa kuoshwa kila wiki na kukaushwa kabla ya kurudishwa. Ikijaa vumbi, mashine inaendelea kuunguruma huku oksijeni inayotoka ikishuka. La pili ni kutoa oksijeni bila kipimo cha kidoleni. Usipojua kiwango cha oksijeni kwenye damu hujui nani anaihitaji, na hujui lini upunguze. Kwa mtoto njiti, oksijeni iliyozidi inaweza kuharibu macho yake. Wodi yoyote yenye bomba la oksijeni ukutani iwe na kipimo hicho, chenye vishikizo vya saizi ya mtu mzima na ya mtoto mchanga.

Hatua ya 4: Pokeeni vifaa kama mnaovinunua kwa fedha zenu

Watafiti Perry na Malkin walipokusanya orodha za vifaa tiba kutoka nchi zenye kipato kidogo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walikuta takriban asilimia 40 havifanyi kazi. Sababu kubwa walizozitaja zilihusu mafunzo, utunzaji wa vifaa na miundombinu ya kuvitumia. Kwa hiyo kazi yenu siku ya kufungua kasha ni kuuliza maswali yanayochosha muuzaji.

Kifaa kinatumia umeme wa kiwango gani? Kitabu cha maelekezo kiko katika lugha ambayo wauguzi wetu wanaisoma? Vipuri vinavyochakaa upesi vimekuja? Nani atakuja kukitengeneza, na ndani ya siku ngapi? Kwa mashine za maabara kuna swali zito zaidi: vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, vinauzwa na kampuni moja tu, au vinapatikana kwa wengine? Mashine ya kufungwa kwa mtengenezaji mmoja inaweza kutolewa bure na bado ikawa ghali kuliko zote mlizonazo. Msisaini hati ya mapokezi kabla mashine haijafanya kazi mbele yenu, ikitumiwa na mtumishi wenu, siyo na fundi wa muuzaji.

Eksirei ina masharti yake. Kuta na mlango viwe na kinga ya mionzi, chumba kikaguliwe na mamlaka ya nchi inayosimamia mionzi, na kila mtumishi wa chumba hicho avae beji inayopima mionzi anayoipata. Msiruhusu picha hata moja kupigwa kabla ya kibali, hata kama kiongozi anakuja kesho.

Mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke huhukumiwa kwa joto na muda: nyuzi 134 kwa dakika zisizopungua 3, au nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, na muda huo unahesabiwa baada ya joto kufika. Vifurushi vikubwa vinahitaji zaidi, fuateni kitabu chake. Wekeni kipande cha kiashirio, kinachoonyesha kama mvuke umefika, ndani ya kila kifurushi, katikati kabisa. Na seti za upasuaji wa kujifungua zisipungue tatu: moja mezani, moja ikitakaswa, moja imefungwa tayari.

Hatua ya 5: Watu wa zamu

Hapa ndipo mipango mingi inapokosa ukweli. Wiki ina saa 168. Mtumishi anafanya kazi saa 40. Nafasi moja inayotakiwa kuwa na mtu muda wote inahitaji watu 4.2, na ukiweka likizo, ugonjwa na mafunzo unafika watano. Timu ya upasuaji ina watu wanne kwa uchache: mpasuaji, mtoa dawa ya usingizi, muuguzi anayempa mpasuaji vifaa na muuguzi wa kuzunguka. Wanne mara tano ni ishirini. Hospitali ya wilaya yenye watu ishirini wa upasuaji ni nadra, kwa hiyo mtatumia utaratibu wa kuitwa kutoka nyumbani. Basi jengeni au tafuteni nyumba za hao watu karibu na hospitali, na usafiri wa kuwaleta, kabla ya kununua meza ya pili ya upasuaji.

Msisahau msukuma machela, mfua nguo na msafishaji wa usiku. Chumba cha upasuaji kilichomaliza kazi saa tano usiku na hakina wa kukisafisha kimefungwa hadi asubuhi.

Hatua ya 6: Mapokezi yapange kwa uharaka

Jengo jipya la dharura lenye foleni ya zamani ni foleni yenye paa zuri. Mgonjwa apimwe uharaka ndani ya dakika chache za kufika, na muuguzi aliyefunzwa, kabla ya kuulizwa kadi wala risiti. Mfumo uliotokea Afrika Kusini unatumia rangi: nyekundu ahudumiwe papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani ndani ya saa 4. Chagueni mfumo mmoja na mshikamane nao. Kwa watoto, fundisheni hata mlinzi wa getini dalili za hatari: mtoto anayepumua kwa shida, asiyezinduka, mwenye degedege, mwenye mikono ya baridi na aliyelegea, au aliyeishiwa maji. Mlinzi ndiye wa kwanza kumwona, na akijua atamwambia mama apite moja kwa moja.

Malipo ya mgonjwa wa nyekundu na wa chungwa yasubiri. Liandikeni hilo, lisainiwe na mganga mfawidhi, libandikwe kwenye dirisha la malipo ili mhudumu wa usiku asilazimike kuamua peke yake.

Hatua ya 7: Zoezi la usiku

Kama mna muda wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanyeni hili. Chagueni usiku wa kawaida, bila kuita watu wa ziada. Mtumishi mmoja aigize mama aliyejifungua muda mfupi uliopita na anatoka damu nyingi. Mwingine ashike saa na daftari, asiseme kitu.

Muuguzi anaita msaada: je, kengele inasikika wodi ya pili? Dawa ya kubana mji wa mimba inatakiwa kuwa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, je, jokofu lipo wodini au liko famasi iliyofungwa? Dawa ya kusaidia damu kuganda, gramu 1 kwa mshipa kwa dakika 10, inapaswa kutolewa mapema, ndani ya saa 3 tangu kujifungua, je, muuguzi anajua ilipo? Damu iliyopotea inakadiriwa kwa macho au kuna mfuko wenye alama za mililita chini ya mama? Macho hupunguza. Sasa damu inatakiwa. Mtu wa maabara anaitwa kwa simu ipi, na ikiwa haina chaji? Benki ya damu iwe na jokofu lake la nyuzi 2 hadi 6, na ufunguo uwe kwa mtu wa zamu, siyo kwenye mkoba wa mkuu wa maabara aliyelala nyumbani. Chupa ikishatoka jokofuni ianze kuingia kwa mgonjwa ndani ya dakika 30 na imalizike ndani ya saa 4.

Mwandishi wa daftari ataandika saa ya kila tukio. Asubuhi kaeni naye, mkiwa na chai au bila chai, na kila pengo lipewe jina la mtu na tarehe ya kulifunga. Msimlaumu muuguzi wa zamu hiyo. Alikuwa akitumia hospitali mliyompa. Rudieni zoezi hadi lipite bila mtu kukimbia nje ya jengo kutafuta kitu, kisha fanyeni la mtoto asiyepumua na la ajali ya gari yenye majeruhi watano.

Hatua ya 8: Hamieni kwa awamu

Wagonjwa wa nje wahame kwanza, kisha maabara, kisha wodi ya wazazi pamoja na upasuaji wake siku moja, kwa sababu hivyo viwili havitenganishwi. Wodi ya zamani ibaki na kitanda na vifaa kwa wiki mbili. Chumba cha upasuaji kianze na upasuaji uliopangwa, mchana, kabla ya kupokea dharura.

Tangu mgonjwa wa kwanza tumieni orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008. Ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, kabla mgonjwa hajatoka. Ilipojaribiwa katika hospitali nane za nchi nane, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Isomwe kwa sauti, watu wakiwa wamesimamisha mikono. Ikijazwa baadaye ofisini haina kazi.

Kuhusu taka nitasema kwa kifupi: ndoo za rangi tofauti kila chumba, sanduku la vitu vyenye ncha lifungwe likifika robo tatu, na kichomea taka kifike nyuzi 850 au zaidi, kiwe mbali na wodi na upande ambao upepo haurudishi moshi.

Hatua ya 9: Waambieni wa chini yenu na wananchi

Zahanati na vituo vya afya ndivyo vitakavyowaletea wagonjwa. Wapeni karatasi moja yenye huduma zilizoanza, saa zake, na namba ya simu inayopokelewa usiku. Wapeni pia orodha ya ambazo bado hazijaanza. Kituo kikimleta mama kwa upasuaji ambao hamfanyi Jumapili, mmempotezea saa ambazo hana. Kwa wananchi, tangazo liwe wazi hivi: "Eksirei inafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Usiku na mwisho wa wiki kwa majeruhi tu." Likibadilika, libadilisheni siku hiyohiyo.

Hatua ya 10: Pimeni machache, kila mwezi

Muda kutoka daktari aamue upasuaji wa dharura wa kujifungua hadi kisu kiguse ngozi. Hospitali nyingi hulenga dakika 30. Saa ambazo wodi ilikaa bila oksijeni. Vifaa vilivyosimama na siku vilivyosimama. Na kile ninachokithamini zaidi, wagonjwa mliowapa rufaa kwa huduma ambayo iko kwenye orodha yenu ya hatua ya kwanza. Kila mmoja wao aandikwe na sababu yake, na sababu hizo ndizo ziwe ajenda ya kwanza ya bodi.

Katika bajeti, tengeni fungu la matengenezo lenye jina lake. Kanuni inayotumika sana kwa wahandisi wa vifaa tiba ni takriban asilimia 5 ya thamani ya vifaa kila mwaka. Fungu lisilo na jina huliwa na mafuta ya magari.

Mwisho, someni mkataba wa ujenzi mjue kipindi cha uangalizi wa kasoro, ambacho mkandarasi bado anawajibika kuzirekebisha, kinaisha lini. Mara nyingi ni miezi 12 tangu makabidhiano. Mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo, na kama inawezekana siku ya mvua kubwa, mzungukeni jengo lote pamoja na mhandisi, chumba kwa chumba: dari zinazovuja, milango iliyopinda, mifereji iliyoziba, soketi zinazochemka. Orodha iandikwe, ipigwe picha, na barua imfikie mkandarasi kwa kusainiwa kuwa ameipokea, wakati sehemu ya malipo yake mliyoizuia bado iko mikononi mwenu.